Mvua ya Tarehe 31 Februari

Katika kumbukumbu za hali ya hewa za dunia, tarehe 31 Februari ipo. Ipo pamoja na tarehe 30 yake, mwaka hadi mwaka, na zote mbili zina namba: -9999. Kumbukumbu hizo, GHCN-Daily, hutunzwa na NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, na ni mafaili ya maandishi matupu ambayo yeyote anaweza kuyapakua. Kila mstari ni mwezi mmoja wa kipimo kimoja katika kituo kimoja. Kwanza utambulisho wa kituo, unaoanza na TZ kikiwa cha Tanzania, kisha mwaka, mwezi, neno PRCP kwa mvua au TMAX kwa joto la juu la siku, halafu vyumba 31 vya siku. Februari nayo imepewa vyumba 31 kama wenzake. Vilivyozidi hujazwa -9999, na namba hiyo hiyo hujazwa kwa siku halisi ambayo kipimo chake hakikupatikana.

Mgeni wa faili hili hukutana na mitego mingine. Mvua ya milimita 12.4 imeandikwa 124, kwa kuwa vipimo viko katika sehemu za kumi. Vivyo hivyo nyuzi 31.2 za joto ni 312. Tena hakuna mkato unaotenganisha siku na siku. Kila siku ina herufi nane: tano za kipimo na tatu za alama za ubora na chanzo, ambazo aghalabu baadhi yake huachwa wazi. Programu iliyoagizwa ikate kila inapoona nafasi itatoa vipande viwili kwa siku moja, kimoja kwa ile yenye pengo, na kabla mwezi haujafika katikati joto la tarehe 9 limeshahamia siku isiyo yake. Hapa dawa ni kuhesabu herufi tu: kipimo cha kwanza kinakaa herufi ya 22 hadi 26, cha pili 30 hadi 34, na kuendelea.

Huo ni mtindo wa enzi za kadi za kutobolewa, zenye safu 80 kila moja. Lugha ya Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ilikulia humo, na mpaka leo ikikuta sehemu ya namba iliyo tupu kabisa huisoma kuwa sifuri, bila kulalamika. Kwa joto la Dar es Salaam sifuri ingeshtua. Kwa mvua ya Julai haishtui mtu, maana ni kiangazi. Karani wa kituo akiugua wiki nzima, kompyuta inaandika ukame. Ndiyo maana pengo ni heri lijazwe namba isiyowezekana kuliko kuachwa wazi.

Lakini namba isiyowezekana nayo ni namba, na kompyuta itaijumlisha kama zingine. Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, Machi 1958. Mwaka 1964 fedha zilipungua, na vipimo vya Februari, Machi na Aprili vikakosekana. Katika faili la taasisi yake ya Scripps mapengo huandikwa -99.99. Chukua miezi tisa yenye takriban sehemu 320 kwa milioni, ongeza -99.99 mara tatu, gawa kwa 12. Unapata 215, kana kwamba theluthi ya hewa ya ukaa ya dunia ilitoweka mwaka ule.

Kosa la ukubwa huo nalipenda, kwa sababu halina pa kujificha kwenye mchoro. La kuogopwa ni dogo. Tuseme kituo chenye wastani wa nyuzi 25 kina miaka kumi ya vipimo vya kila siku, na siku moja tu ina -9999. Ukigawa kwa kumi inakuwa nyuzi -999.9. Siku hiyo moja kati ya 3,652 inashusha wastani wa muongo mzima kwa karibu nyuzi 0.3, wakati dunia katika miongo ya karibuni imekuwa ikipata joto kwa takriban nyuzi 0.2 kila muongo. Siku moja, na ongezeko la joto la miaka kumi limefutika.

Mkato nao una mambo yake. Kigoma nyuzi 27 na sehemu nne huandikwa 27.4, Bujumbura, kwa desturi ya Kifaransa, ni 27,4. Miji hiyo iko kwenye ziwa moja, ila faili la pili likisomwa na programu inayodhani mkato hutenganisha safu, kipimo kimoja kinakuwa viwili: 27 na 4.

Tangu mwaka 1985 kuna alama rasmi ya kompyuta kwa kisicho namba, NaN: ijumlishe na chochote, jibu ni NaN, hivyo pengo linapiga kelele. Katika lugha ya Python, amri genfromtxt ya maktaba ya NumPy huiweka panapokuwa na neno isiloweza kuligeuza namba, ilhali loadtxt hugoma kabisa. Mimi humpenda anayegoma. Pandas, maktaba nyingine ya Python, ni mpole kupita kiasi: ukiiomba wastani, huziruka NaN kimyakimya, na mwezi wenye siku nne tu za vipimo unapata wastani wake kama mwezi kamili. Upole huo huo umeiponza Namibia. Kifupi chake cha kimataifa ni NA, na amri ya Pandas ya kusoma majedwali, read_csv, huichukulia NA kuwa alama ya pengo, kwa hiyo jedwali la nchi za Afrika likisomwa, Namibia inabaki bila kifupi. Pandas inabidi iambiwe iache orodha yake ya alama, keep_default_na=False, kisha itajiwe zako kwenye na_values, safu kwa safu: kwa mvua -9999, kwa vifupi vya nchi hakuna.