Usingoje Paipu ya Breki Ipasuke

Ningependa kuwaeleza jambo ambalo wengi hulidharau mpaka maji yazidi unga, nalo ni paipu za breki katika gari kuukuu.

Mjomba wangu hapa Likoni ana pikapu ya Land Rover Series III, gari lililoundwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Hubeba nazi kupeleka soko la Kongowea, kwa hivyo ni lazima ashuke ule mteremko wa feri. Mbele yake kuna watu, mikokoteni na bahari. Breki zikikataa hapo, hakuna pa kukimbilia! Sote twakumbuka tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoporomoka kutoka feri ya MV Harambee, mama na bintiye wakafa maji. Likizoni nilimsaidia fundi wa mjomba kubadilisha paipu zote, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, breki hufanyaje kazi? Form One tulisomeshwa kanuni ya Pascal. Tuseme pistoni ya masta silinda ina eneo la sentimita mraba 4, nayo inasukumwa kwa nyutoni 400. Kila sentimita mraba inapata nyutoni 100. Basi pistoni ya gurudumuni yenye sentimita mraba 8 itasukuma kwa nyutoni 800. Lakini paipu ikitoboka, mafuta humwagika na pedali huzama mpaka chini.

Adui mkubwa ni chumvi. Upepo wa bahari hula chuma, na paipu za zamani ni za chuma. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hivyo breki hazishiki. Yafaa kuyabadilisha kila miaka 2.

Sasa kazi yenyewe. Toa paipu moja moja, upime urefu wake kwa kamba. Nunua paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli, maana haipati kutu. Wengine hutumia paipu ya shaba tupu ya friji kwa kuwa ni rahisi, lakini hiyo ikitikisika sana hukakamaa, mwisho ikapasuka. Tia nati kwanza ndipo ufanye mdomo wa paipu, la sivyo nati haitaingia tena. Mdomo ukunjwe mara mbili, uwe na nguvu. Paipu ifungwe mbali na ekzosi. Hozi za mpira pia ziwe mpya. Usithubutu kutia oili ya injini, kwani huvimbisha mipira ya silinda.

Halafu toa hewa, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto. Mwisho, kanyaga pedali kwa nguvu dakika nzima huku mwenzako akichungulia kila kiungo. Pakilowa, funga upya. Kisha lijaribu gari polepole, mahali tambarare.

Pikapu ya mjomba ilikuwa na njia moja tu ya mafuta. Tundu moja, magurudumu yote manne yakose breki! Fundi akatia masta silinda ya njia mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Kwa maoni yangu, haya ndiyo mabadiliko bora kuliko rangi mpya au redio kubwa.

Wenzangu, mkipanda gari la mzee nyumbani, inameni mtazame chini. Mkiona kutu au matone karibu na gurudumu, semeni bila kuogopa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa breki, jamani, hauna ukuta wa kujenga.