Kope Haziwahi

Mwishoni mwa Oktoba 1962, usiku, wanajeshi wawili wa Marekani walikuwa katika kisiwa cha Johnston, Bahari ya Pasifiki. Miwani ya kinga walikuwa nayo, ila haikuwa machoni. Karibu kilomita 50 juu, bomu la nyuklia la jaribio la Bluegill Triple Prime likalipuka. Hawakuanguka, lakini papo hapo kila mmoja alijua macho yake yamedhurika.

Bomu likilipuka karibu na ardhi, hewa nzito hulizingira tufe la moto, na sehemu kubwa ya mwanga hutoka polepole kiasi cha kope kuwahi kufumba. Huko juu hewa ni nyepesi. Tufe hutanuka ghafla na kumwaga mwanga mwingi kabla kope hazijashtuka, maana nazo huhitaji sehemu ya kumi ya sekunde, au zaidi.

Umbali nao hausaidii kama tunavyodhani. Lenzi ya jicho hukusanya mwanga kwenye retina, kama mtoto anavyokusanya jua kwa kioo cha kukuzia mpaka karatasi ifuke moshi. Ukienda mbali, mwanga unaoingia jichoni hupungua, lakini taswira ya moto kwenye retina nayo husinyaa, hivyo kila kidoa huchomwa karibu vilevile. Kinachopunguza makali ni hewa na ukungu wa njiani. Na usiku mboni imefunguka wazi!

Jeshi lilikuwa linalijua hilo. Mwaka 1958 majaribio ya Teak na Orange, kila bomu megatani 3.8, yalipangwa kufanyika katika visiwa vya Bikini. Yakahamishiwa Johnston kwa hofu ya kuwapofusha wakazi wa visiwa vya jirani. Uamuzi ule ulikuwa wa haki. Hata hivyo kombora la Teak lilikosea njia, na bomu likalipuka juu ya kisiwa chenyewe badala ya kusini yake, kwenye kimo cha kilomita 77. Sungura waliowekwa kwa makusudi wautazame mwanga waliungua retina hata wakiwa zaidi ya kilomita 500. Hawaii, kilomita 1,300 hivi kutoka hapo, anga ilibadilika rangi na wananchi hawakuwa wameonywa.

Miaka minne baadaye, usalama wa mtu aliyesimama chini kabisa ya bomu bado ulitegemea awe amevaa miwani katika sekunde ileile. Kwangu huo si usimamizi wa kutosha. Anayejua kwamba kope haziwahi hawezi kuuachia mkono wa askari mwenye usingizi kazi ya kuwahi.

Mmoja wa wale wanajeshi wawili alikuwa na kovu la milimita 0.35 kwenye retina. Baada ya miezi sita alikaribia kuona kama zamani. Kovu la mwenzake lilikuwa la nusu milimita, katikati ya retina. Uoni wake haukuvuka kile ambacho kwenye chati za hospitali zetu huandikwa 6/18: herufi anayoisoma mwenye macho mazima akiwa mita 18, yeye alipaswa aisogelee hadi mita 6.