Mbwa Mwenye Pupa Hufunzwa Kungoja

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, walinena wahenga, nasi tuliovaa sare tunalijua neno hilo tangu siku ya kwanza ya gwaride. Lakini je, mnyama asiyejua methali aweza kufunzwa kuizuia pupa yake? Swali hilo lilitukabili huko Uingereza, tulikokwenda masomoni, siku tulipoalikwa kutazama mawindo ya ndege.

Katika nchi hiyo kuwinda ndege kwa bunduki za marisau ni desturi ya miaka mingi, na mbwa ana kazi yake maalumu. Aina iitwayo Springer Spaniel hutangulia mbele, akapekua vichaka na kuwarusha ndege. Aina iitwayo Labrador, ambayo asili yake ni kisiwa cha Newfoundland kilichoko Kanada, hukaa kando ya bwana wake mpaka atumwe kumleta ndege aliyeanguka. Wote wawili wanatakiwa kushika sheria moja: ndege akiruka au bunduki ikilia, mbwa atulie, wala asiondoke pasipo amri.

Siku hiyo mbwa mmoja kijana, Springer Spaniel, aliivunja sheria. Sungura alichomoka kichakani, naye akamfuata mbio, masikio yakipepea, huku bwana wake akipuliza filimbi bure. Mwindaji wa upande wa pili alikuwa amekwisha kuinua bunduki kumlenga sungura. Aliishusha katika dakika ya mwisho, mikono ikimtetemeka. Hakuna aliyecheka. Mwenye mbwa alisema kwa hasira kwamba mnyama huyo hafai, na kwamba jioni hiyo atamwondoa.

Mzee mmoja, mfunzaji wa mbwa kwa miaka mingi, ndiye aliyemwombea. Alieleza kwamba mbwa yule hakuwa mbaya, bali hakufunzwa kwa mpango. Sisi tungesema kwamba moto alikuwa nao, ila mafiga hakuwa nayo. Mzee akamchukua, nasi tukaomba ruhusa ya kwenda kuyatazama mafunzo yake kila tulipopata likizo.

Somo la kwanza lilikuwa kuitika wito. Mzee alipuliza filimbi milio mifupi ya haraka kila alipomwekea mbwa chakula, mpaka milio hiyo ikawa habari njema masikioni mwake. Kisha akamfunga kamba ndefu na kumwita uwanjani. Alitupa maonyo matatu. Usimwite mbwa wakati huna njia ya kumleta, kwa maana kila wito usioitikiwa humfunza kuwa amri ni hiari. Usimkimbize anapotoroka, geuka ukimbie upande mwingine, naye atakufuata. Tena usimwadhibu aliyerejea, hata akiwa amechelewa. Mbwa haijui hesabu ya makosa ya nyuma. Hujua tu kwamba alikuja kwako akapigwa.

Somo la pili lilikuwa kutulia. Mlio mmoja mrefu wa filimbi, pamoja na mkono ulioinuliwa, maana yake ni kuketi papo hapo. Mzee alimketisha, akarudi nyuma hatua moja, kisha mbili, kisha kumi, na kila mara alimrudia mwenyewe kumsifu pale pale alipoketi. Kumwita kila mara kutoka mahali hapo kungemfunza kuutazamia wito na kuondoka kabla haujatolewa. Baadaye alirusha kifurushi cha turubai, na mbwa alipotaka kukiendea, mzee akakiokota mwenyewe. Katika kila mirusho kumi, mara saba au nane aliokota binadamu. Ndivyo mbwa alivyoanza kufahamu kwamba si kila kinachoanguka ni chake.

Somo la tatu lilikuwa kuleta. Kifurushi hicho, chenye uzito wa karibu nusu kilo, kilirushwa katika njia nyembamba kati ya kuta mbili, ili mbwa asipate pengo la kutorokea. Alipokileta, mzee hakumpokonya. Alimpapasa kwanza, ndipo akakipokea taratibu. Mbwa anayepokonywa huanza kung'ang'ania, na anayeng'ang'ania huja kumponda ndege kwa meno. Katika mashindano ya mbwa hawa, kuponda windo, kulikimbilia pasipo amri, na hata kulialia kwa hamu, ni makosa ya kumtoa mbwa mashindanoni. Mlio wa bunduki nao uliletwa kidogo kidogo, kwanza kutoka mbali sana, kisha karibu zaidi kadiri siku zilivyopita.

Kosa kubwa la wengi, kwa maelezo ya mzee, ni kumkimbizisha mbwa mwenye pupa ili achoke. Siku chache baadaye mbwa huyo ana mapafu mapana zaidi na pupa ile ile. Yeye alifunza dakika 10 tu, kwa sauti ya chini, na alifunga somo kabla damu ya mbwa haijachemka. Mbwa alipokosea, mzee hakupandisha sauti, bali alirudi kwenye hatua iliyotangulia.

Ndugu askari, mambo haya si ya wawindaji peke yao. Mbwa wa jamii hizi hutumika katika majeshi na polisi wa nchi nyingi kutafuta silaha na milipuko, na pupa yao ndiyo inayowafanya watafute bila kuchoka. Mwezi Machi 2003, huko Safwan, kusini mwa Iraki, Springer Spaniel wa Jeshi la Uingereza aitwaye Buster aligundua silaha na milipuko iliyofichwa nyumbani. Mwaka huo huo alitunukiwa Nishani ya Dickin, iliyoanzishwa mwaka 1943 kwa ajili ya wanyama wanaotumika vitani. Mbwa wa kazi hiyo akiinusa baruti hufunzwa kutulia na kumwonyesha askari wake mahali ilipo. Akiirukia na kuichimbua, yeye na askari wake huenda wasirudi kambini.

Tulipokaribia kurejea nyumbani, miezi minane baadaye, tulialikwa tena mawindoni. Mbwa yule yule alikuwa kichakani, na sungura akachomoka hatua tatu mbele ya pua yake. Filimbi ililia mara moja. Mbwa aliketi. Mwili wote ulimtetemeka, macho yalimfuata sungura mpaka alipopotea, lakini makalio hayakuondoka ardhini. Yule mwenye mbwa alisimama kimya kwa muda, kisha akamwomba mzee amrudishie mnyama wake. Mzee alimkabidhi filimbi kwanza, akamtaka yeye naye aje ajifunze.

Tuliondoka tukiwakumbuka wakufunzi wetu, na vijana waletwao mbele yao wakiwa na moto usio na mafiga. Si haki kumfukuza mwenye pupa kabla hatujajiuliza kama amri zetu zilikuwa chache, zilizo wazi, na zilizotolewa kwa subira. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini mkono unaomkunja nao sharti utulie.