Mtendaji na Mtendwa katika Picha ya Kutawazwa kwa Napoleon

Aghalabu mtawala hutawazwa, hajitawazi. Kauli ya kutendwa hudai mtendaji, hata asipotajwa: Mungu, wazee, kasisi. Mvutano juu ya nafasi hiyo ya mtendaji unajitokeza wazi katika picha ya Jacques-Louis David, iliyochorwa baina ya 1805 na 1807 kuadhimisha sherehe iliyofanyika katika kanisa la Notre-Dame, Paris, tarehe 2 Desemba 1804.

Siku hiyo Napoleon alijivika taji mwenyewe, Papa Pius wa Saba akiwapo. Katika michoro ya awali David aliuonyesha utendaji huo wa -ji-: mkono mmoja umeinua taji, wa pili umeubana upanga kifuani. Baadaye aliuacha. Katika picha iliyokamilika Napoleon amekwisha kuvaa shada la majani ya dhahabu, naye amelinyanyua taji la mkewe Joséphine aliyepiga magoti. Kujitawaza kumegeuka kumtawaza mwingine. Ujeuri umevishwa vazi la ukarimu, na mtazamaji hapati nafasi ya kuuliza ni nani aliyempa mtoaji huyu mamlaka. Kwa hakika, huo ndio ustadi mkubwa wa picha hii, kuliko hata mahameli na dhahabu zake.

Papa, ambaye awali mikono yake ilitulia magotini, aliongezewa ishara ya kubariki kwa matakwa ya Napoleon. Hata hivyo, ameketi nyuma yake: ni shahidi tu. Letizia, mama wa Napoleon, hakuhudhuria sherehe. David amemketisha katikati ya jukwaa. Joséphine alitalikiwa mwaka 1809, lakini katika nakala ya pili, ambayo David aliimaliza mwaka 1822, bado anavikwa taji.