Gari Kuukuu Jijini (Sehemu ya Tatu): Diski za Breki

Diski ya breki ni sahani nzito ya chuma cha kusubu iliyokaa kwenye habu na kuzunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, na kalipa huibana diski kwa pedi mbili, moja kila upande. Mwendo wa gari hugeuka joto, joto huingia kwenye diski, kisha diski hulitoa hewani. Ndiyo sababu unene wake una maana kubwa: diski iliyolika ina chuma kidogo cha kubeba joto lile lile. Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki za aina hii nchini Uingereza mwaka 1902, lakini zilipata sifa baada ya Jaguar kushinda nazo mbio za Le Mans mwaka 1953, na mwaka 1955 Citroën DS ikazileta kwenye gari la familia. Magari mengi madogo yanayotembea Nairobi leo yana diski mbele na ngoma nyuma. Subaru nyingi zina diski kwenye magurudumu yote manne.

Kiwango KS 1515 cha mwaka 2000 huzuia kuingizwa nchini Kenya gari lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo Corolla au Impreza inayoshushwa bandarini Mombasa mara nyingi huwa imeshatumika miaka sita au saba huko Japani, pengine katika Hokkaido ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya theluji. Hapa nchini huendeshwa tena miaka kumi au zaidi, ikipita mikono miwili mitatu. Anayeinunua mwishoni hana njia ya kujua diski zake zimepitia nini, isipokuwa kwa kuzipima.

Maeneo ya magharibi mwa jiji huzila diski kwa namna yake. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya jiji ni karibu mita 1,700, hivyo anayeteremka kupitia Kikuyu, Uthiru na Kangemi hushuka kimo cha takriban mita 500. Gari la kilo 1,200 likishuka kimo hicho huachilia nishati ya karibu megajuli 5.9. Gari hilo hilo likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hutoa megajuli 0.3 tu. Mteremko mmoja, basi, ni sawa na kusimamisha gari mara ishirini. Nishati hiyo hugawanywa kati ya upepo, matairi na injini, na inayobaki ndiyo ya breki. Dereva anayeweka nyutro akidhani anaokoa petroli huuondoa mgao wa injini na kuutwika diski. Petroli yenyewe haokoi: injini yenye mfumo wa sindano hukata mafuta gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta. Gari la gia za mkono lishuke na gia ya tatu. La otomatiki lizimwe O/D, au gia iwekwe kwenye 2 mteremko ukiwa mkali, kama ule wa kuelekea Mai Mahiu.

Katika vitongoji vyenyewe miteremko ni mifupi lakini haina mwisho. Kileleshwa, Lavington na Spring Valley zimekatwakatwa na vijito, na barabara hushuka bondeni, hupinda, kisha hupanda tena. Kinachoumiza zaidi ni kushuka kwa kasi na kukutana na foleni chini, jambo la kila asubuhi kutoka Westlands kuelekea Museum Hill. Gari husimama na breki zikiwa moto, mguu ukiendelea kukandamiza pedali. Pedi iliyobana sehemu moja ya diski ya moto huacha hapo tabaka jembamba la nyenzo yake, na sehemu hiyo hushika tofauti na nyingine kuanzia siku hiyo. Dereva mzoefu huacha nafasi mbele yake ili gari lisogee polepole badala ya kukaa limebanwa, au hutumia handibreki palipo tambarare.

Dalili ya kwanza ya diski mbovu ni usukani kutetemeka gari linapofungwa breki kwenye mwendo mkubwa. Ya pili ni pedali inayopigapiga chini ya mguu. Kilio chembamba kinachotoweka breki ikikanyagwa mara nyingi ni kile kibamba cha onyo kilichofungwa kwenye pedi, kikisema kuwa pedi inakaribia kuisha. Sauti ya chuma kukwaruza chuma maana yake onyo hilo lilipuuzwa na diski imekwisha kuharibika. Wekundu wa kutu unaoonekana asubuhi baada ya mvua za Machi hadi Mei si ugonjwa. Breki chache za kwanza huufuta. Gari lililokaa wiki nyingi bila kuwashwa ni jambo jingine, kwa kuwa kutu yake huchimba vishimo visivyofutika.

Usukani ukitetemeka, makanika wengi husema diski imepinda. Ni mara chache diski hupinda. Kinachotokea kwa kawaida huanza nyuma yake, pale inapokutana na habu. Kutu au chembe ya mchanga ikibaki hapo, diski huzunguka ikiyumba, na watengenezaji wengi hawaruhusu iyumbe zaidi ya takriban milimita 0.05. Kuyumba kidogo namna hiyo hakuhisiki siku ya kufunga. Lakini kila mzunguko, upande mmoja wa diski hugusa pedi hata breki isipokanyagwa, na hukwanguliwa kidogo kidogo. Baada ya kilomita elfu kadhaa upande huo huwa mwembamba kuliko mwingine, na tofauti ya milimita 0.02 yatosha kutikisa usukani. Hapo ndipo mwenye gari hununua diski mpya, fundi akaifunga juu ya kutu ile ile, na miezi michache baadaye mtetemeko unarudi. Lawama humwangukia aliyeuza diski, ilhali kosa liko kwenye uso wa habu ambao dakika tano za brashi ya waya zingeusafisha.

Nati za gurudumu zilizokazwa bila mpangilio huleta kasoro hiyo hiyo. Bunduki ya hewa kwenye duka la matairi hukaza nati moja kupita kiasi na kuacha nyingine, na diski hubanwa kwa mshazari. Toyota nyingi ndogo huhitaji mkazo wa nyutoni mita 103 kwa kila nati, zikikazwa kwa kukingama, si kwa kufuatana duara.

Uamuzi wa kuiacha diski, kuikwangua au kuitupa hutegemea nambari mbili. Ya kwanza imechongwa au kusubiwa kwenye diski yenyewe, ukingoni au kwenye kofia yake ya kati, baada ya herufi MIN TH: ndicho kikomo cha chini cha unene kwa milimita. Ya pili hupatikana kwa maikromita, sehemu zisizopungua nne kuizunguka diski, kidogo ndani ya ukingo. Ukingo wenyewe haufai kupimwa, kwa kuwa pedi hazifiki hapo na huacha mdomo ulioinuka. Gereji isiyo na maikromita haiwezi kutoa hukumu ya haki juu ya diski, hata fundi awe na miaka thelathini ya kazi. Jicho halioni nusu milimita, na kucha inayopitishwa kwenye mifereji husema mifereji ipo, haisemi chuma kilichobaki ni kiasi gani.

Mfano waweza kusaidia. Diski iliyotoka kiwandani na milimita 22 imeandikwa kikomo cha 20. Maikromita inasoma 20.6, na mifereji ina kina cha milimita 0.4 kila upande. Ikiondolewa kwenye mashine ya leithi itabaki 19.8. Diski hiyo haifai kukwanguliwa ingawa leo bado imo ndani ya kikomo, na mwenye gari anayelipia kazi hiyo ananunua chuma kilichokwisha. Ingesoma 21.5, leithi ingekuwa na maana, mradi pande zote mbili zikatwe bila diski kufunguliwa katikati ya kazi, na zote mbili za ekseli zifanyiwe pamoja. Nyufa zinazofika ukingoni, au madoa ya buluu ya chuma kilichoungua, humaliza mjadala bila vipimo.

Soko la vipuri liko Kirinyaga Road na vichochoro vinavyoizunguka, mahali ambapo wenyeji bado hupaita Grogan, jina la zamani la barabara hiyo lililotokana na mlowezi Ewart Grogan. Humo mna diski mpya za bei za kila aina, na za mitumba zinazouzwa kama ex-Japan. Diski ya mitumba hupimwa kabla ya kulipiwa. Isiyofika juu ya kikomo kwa milimita moja na zaidi haina thamani ya nauli. Kwa mpya, mnunuzi hufika na nambari ya chesisi pamoja na diski ya zamani, maana gari la jina moja na mwaka mmoja laweza kuwa na diski za vipenyo tofauti kulingana na injini. Zilinganishwe kipenyo, kimo cha kofia, tundu la kati na uzito. Diski yenye mapezi ya hewa katikati isibadilishwe na ile isiyo nayo kwa sababu tu ni rahisi. Hununuliwa mbili, kushoto na kulia, pamoja na pedi mpya, kwa kuwa pedi za zamani zimekwisha kujichonga kwa umbo la diski iliyotolewa.

Kazi yenyewe si ngumu, ila ina hatua zisizorukwa. Gari huwekwa pahali tambarare, magurudumu ya nyuma yakingwe, na baada ya jeki zifuate stendi za chuma. Kupanga mawe chini ya gari, kama inavyoonekana kando ya barabara nyingi, ni hatari ya wazi. Kalipa hufunguliwa na kuning'inizwa kwa waya kwenye springi. Ikiachwa ining'inie kwa mpira wake, mpira huo hupasuka ndani. Diski nyingi za Japani zina matundu mawili yenye hesi ya M8. Bolti mbili zikizungushwa humo kwa zamu huisukuma diski itoke taratibu, bila nyundo inayoumiza beringi. Vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa, lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Habu husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane, kisha diski mpya huoshwa mafuta ya kuihifadhi kwa dawa ya kusafishia breki. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake hupakwa grisi ya breki inayostahimili joto. Pini iliyokwama hufanya pedi ya upande mmoja kuisha upesi na diski kukaa moto siku nzima. Pistoni inaporudishwa ndani, mafuta hupanda kwenye chupa yake juu na huweza kumwagika. Yakigusa rangi ya gari huibabua. Mafuta ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 yakiwa mapya, na viwango huyaruhusu kushuka hadi 140 yakishanyonya unyevu, hivyo yaliyopita miaka miwili yabadilishwe wakati huo huo. Kabla gari halijasogea hata mita moja, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Anayesahau hili hukuta pedali ikizama hadi sakafuni wakati gari limeshaanza kwenda.

Diski na pedi mpya huhitaji kuzoeshwa. Alfajiri ya Jumapili kwenye Southern Bypass inatosha: gari hupandishwa hadi kilomita 60 kwa saa na kupunguzwa hadi 15 kwa breki ya wastani, bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, kisha huendeshwa dakika kadhaa bila breki ili zipoe. Baada ya kilomita 50 nati hukaguliwa tena.

Gari lenye diski nyuma huweza kuwa na ngoma ndogo ya handibreki ndani ya kofia ya diski, kama ilivyo kwenye Impreza nyingi. Handibreki hulegezwa kabla ya kuitoa diski na hurekebishwa baada ya kuirudisha. Ngoma zenyewe, kubwa na ndogo, ndizo mada ya sehemu ya nne.