Mlio wa Mbele ya Gari Si wa Kupuuzwa

Je, gari lako hulia ‘ko-ko-ko’ upande wa mbele kila ukivuka tuta? Huenda umeshaongeza sauti ya redio ili usiusikie mlio huo. Ikiwa ndivyo, hebu izime leo, kwani yawezekana ni boljointi inayokusihi.

Boljointi ni kiungo mfano wa nyonga ya binadamu: kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe. Katika magari mengi madogo huunganisha mkono wa chini na chuma kinachobeba gurudumu. Upande wa pili, mkono huo hushikwa na bushi za mpira. Bushi zikichakaa, gari huyumba na kula tairi. Lakini boljointi ikichomoka, gurudumu hulala ubavu na usukani hauna kazi tena. Basi anza na hiyo.

Egesha mahali tambarare penye saruji, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, kisha inua mbele kwa jeki na ulikalishe gari juu ya stendi za chuma. Nasema stendi, si mawe wala matofali. Tofali hupasuka bila kuaga. Watoto nao waondolewe hapo, maana hawawezi kuona mkono wa jeki wasiuguse.

Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwombe mkeo au mumeo akanyage breki huku ukitikisa tena. Kucheza kukikoma, shida ni beringi. Kukiendelea, mshukiwa ni boljointi.

Kabla ya kununua spea, chungulia. Katika magari mengine boljointi hufungwa mkononi kwa bolti. Mengine imeshindiliwa humo, na heri ununue mkono mzima na bushi zake. Nenda dukani na nambari ya chesisi, kwani magari mawili ya jina moja yaweza kutofautiana.

Sasa toa gurudumu, chomoa pini, ulegeze nati bila kuitoa. Ncha ya boljointi itakuwa imekwama. Usiigonge yenyewe, gonga kwa nyundo ubavu wa tundu lililoishika, mara mbili tatu, nayo itaachia. Wakati wa kufunga, tumia pini mpya. Bei yake haifiki ya kikombe cha chai.

Bushi ndizo huwashinda wengi, nami nikiwamo. Mara ya kwanza nilikaza bolti zake gari likiwa bado juu ya stendi, nikajipongeza. Baada ya miezi miwili mpira ulikuwa umepasuka. Sababu ni kwamba mkono ukining’inia, bushi hukazwa katika hali hiyo, na gari likishushwa mpira hujipinda na kubaki umepindika. Zikaze kidogo tu, rudisha gurudumu, shusha gari, lisukumesukume, ndipo ukaze kabisa.

Springi na shokabzoba ni jambo jingine. Usiguse ile nati ya katikati, juu kabisa, bila kifaa cha kubania springi. Springi iliyobanwa huruka kwa nguvu za kuua. Hapo mwite fundi, hata ukiwa na spana zote duniani.

Ukishamaliza, endesha polepole hadi kwenye gereji ya alainimenti siku hiyo hiyo, na baada ya siku chache kagua nati zote tena.