Kueleza Makadirio ya Baadaye katika Grafu za IELTS

Kazi ya kwanza ya uandishi katika mtihani wa IELTS wa kitaaluma humtaka mtahiniwa aeleze grafu, jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, ndani ya dakika 20 hivi. Grafu nyingine haziishii kwenye takwimu zilizokwisha kukusanywa. Huendelea mpaka 2030 au 2050, mara nyingi kwa mstari wa nukta nukta. Mstari unapobadilika hivyo, sarufi ya Kiingereza nayo hubadilika.

Idadi ya watu wa Tanzania ni mfano mzuri. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa 2050 ni takribani milioni 130. Takwimu ya kwanza imekwisha kuhesabiwa, hivyo huandikwa katika wakati uliopita: “the population was 61.7 million in 2022”. Watu wa takwimu ya pili hakuna aliyewahesabu. Anayeandika “the population will be 130 million” amegeuza kadirio kuwa ahadi. Namna iliyozoeleka ni “the population is projected to reach 130 million by 2050”. Kitenzi “is projected” kiko katika wakati uliopo kwa sababu kadirio lenyewe lipo leo. Kinachongojwa ni huko kufikia.

Hapa ndipo wengi huteleza. Sentensi kama “the population predicts to rise” hurudi tena na tena, ingawa idadi ya watu haitabiri kitu. Wanaotabiri ni wataalamu. Kauli ya kutendwa ni ya lazima: “is predicted to rise”. Kosa hili linashangaza kidogo kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kwani yeye mwenyewe husema “inatarajiwa kuongezeka”, wala si “inatarajia”. Muundo wa pili ni “it is predicted that the population will rise”. Humo “will” haina ubaya, maana maneno yaliyotangulia yamekwisha kuonyesha kwamba ni utabiri.

Vitenzi “project”, “predict”, “forecast”, “expect” na “anticipate” vinaweza kupokezana ili aya isichoshe, lakini si lazima vyote vitumike. “Project” hufaa zaidi pale takwimu za sasa zinapopelekwa mbele kwa hesabu. “Hope” haifai kabisa: hiyo ni haja ya moyo, na grafu haina moyo. “Is likely to” inakubalika, ila ina uhakika mdogo zaidi.

Vihusishi vidogo ndivyo vyenye hatari kubwa. “Rise to 20 percent” ni kupanda hadi asilimia 20. “Rise by 20 percent” ni kuongezeka kwa asilimia 20. Anayevichanganya amepotosha takwimu yenyewe, na hapo haadhibiwi kwa sarufi peke yake. Isitoshe, “by” hutumika pia kutaja ukomo wa muda, hivyo inaweza kutokea mara mbili katika sentensi moja: “is expected to rise by about 68 million by 2050”. Ukomo huo huo huruhusu “will have”, inayolingana na “itakuwa ime-”: “by 2050 the population will have more than doubled”. Muundo huu humpandisha mtahiniwa anayeumudu, lakini mmoja au miwili katika insha nzima hutosha.

Huenda pia grafu ikawa ya zamani, yenye makadirio ya miaka ambayo mtahiniwa ameshaipita. Katika hali hiyo “was projected to” ndiyo salama, kwa kuwa grafu haisemi kama kadirio lilitimia.

Sababu za mabadiliko hazitakiwi. Maelekezo ya kazi hii ni kuchagua mambo makuu, kuyaripoti na kuyalinganisha inapofaa. Kama idadi ya watu itapanda kwa sababu ya uzazi au ya huduma bora za afya, mjadala huo ni wa kazi ya pili, ile ya maneno 250, inayodai maoni ya mwandishi.